Likizo ya kuasili mtoto Kenya: mshahara haukatwi, karatasi ndizo zinazokwaza

Ukiipima likizo ya kabla ya kuasili mtoto kama unavyopima huduma nyingine yoyote, ina jambo moja zuri sana na moja bovu sana. Zuri ni malipo: mwezi mzima kwa mshahara kamili, hakuna mfuko wa kuombwa wala foleni ya ofisi ya serikali. Bovu ni masharti ya karatasi. Sheria inakutaka uambatishe, siku 14 kabla mtoto hajaja kwako, cheti ambacho kazi yake ni kumruhusu mtoto aje kwako. Mivutano mingi kati ya wazazi wanaoasili na ofisi zao inaanzia hapo, na tunaipa likizo hii nyota tatu tu kati ya tano hasa kwa sababu hiyo.

Haki yenyewe imo katika kifungu cha 29A cha Sheria ya Ajira, kilichoingizwa na marekebisho ya 2021. Mswada uliletwa bungeni na Martha Wangari, mbunge wa Gilgil. Kabla ya hapo sheria ilimtambua mama aliyejifungua, kwa miezi mitatu, na baba, kwa wiki mbili. Aliyeasili alibaki na siku zake 21 za likizo ya mwaka, au huruma ya bosi.

Kwa upana, kifungu kimeandikwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Hakimtaji mama peke yake: kinasema mwajiriwa, kwa hiyo mwanamume anayeasili anaingia. Hakijaweka muda wa chini wa kukaa kazini, wala umri wa mtoto, mradi ni mtoto kisheria. Wanandoa wanaoasili pamoja wote ni waombaji, na hakuna mstari unaosema mmoja tu ndiye anayestahili. Tena huo mwezi ni kiwango cha chini. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo hiyo kinasema mkataba au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yakitoa zaidi, hayo ndiyo yanayofuatwa. Soma kijitabu cha kanuni za kazi kabla ya kuandika barua, kwa sababu huenda kampuni yako inatoa siku zaidi, na hakuna atakayekupa usichoomba.

Kosa la kwanza la ofisi za rasilimaliwatu ni kudai amri ya mahakama au cheti cha kuasiliwa. Jina la likizo linajibu lenyewe: ni ya kabla ya kuasili. Mtoto huwekwa nyumbani kwanza, anakaa chini ya uangalizi wa mwombaji kwa miezi mitatu mfululizo, ndipo ombi linapelekwa mahakamani. Amri inakuja baadaye, na cheti baada ya amri. Anayesubiri karatasi hizo ndipo atoe likizo anaitoa wakati mtoto ameshazoea nyumba, pengine ameshaanza kutembea. Ukiambiwa "leta amri ya korti", usibishane kwa mdomo. Nakili kifungu kidogo kinachotaja tarehe ya kukabidhiwa mtoto, kiweke kwenye barua pepe, na uulize ni wapi amri imetajwa.

Sasa ule mtego wa karatasi. Ilani ya maandishi inatakiwa angalau siku 14 kabla ya mtoto kuwekwa kwako, ikiambatana na ushahidi kwamba shirika la uasili lililosajiliwa linakusudia kukukabidhi mtoto. Ushahidi huo unajumuisha vitu viwili: mkataba wa kukabidhiwa mtoto kati yako na shirika, na cheti cha kutoka, yaani idhini ya maandishi ya kumchukua mtoto kutoka mikononi mwa shirika. Tazama mambo yanavyokwenda. Unajisajili kwa shirika, unapeleka vyeti (kitambulisho, cheti cha tabia njema kutoka DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, ripoti ya daktari, ushahidi wa kipato, barua za wadhamini), afisa wa ustawi wa jamii anakuja kuikagua nyumba na kukuhoji, kamati inakaa, unaoanishwa na mtoto (yaani unachaguliwa mtoto utakayemlea), unakwenda makao ya watoto anakoishi mara kadhaa kuzoeana naye. Zoezi la kuzoeana likienda vizuri, siku ya kumchukua inapangwa. Cheti cha kutoka ni karatasi ya hatua hii ya mwisho kabisa. Shirika gani litakitoa wiki mbili mapema halafu limshikilie mtoto ili wewe utimize ilani ya mwajiri? Na mtoto ambaye kila kitu chake kiko tayari hapaswi kulala makaoni usiku hata mmoja wa ziada kwa ajili ya kalenda ya ofisi.

Njia inayofanya kazi ni kutoa ilani kwa awamu mbili. Siku unapooanishwa na mtoto, omba shirika barua yenye nembo, sahihi na muhuri inayotaja kwamba linakusudia kukukabidhi mtoto, pamoja na tarehe inayokadiriwa. Hiyo, na mkataba kama umeshatiwa sahihi, ndiyo unayoitumia kutoa ilani. Cheti cha kutoka unakipeleka siku kinapotolewa, kwa barua pepe ile ile ili uzi wa mawasiliano ubaki mmoja. Mwajiri mwenye nia njema hukubali. Mwajiri mkaidi anaweza kusema ilani haijakamilika, na kwa herufi za sheria ana hoja. Ndiyo maana ni vizuri kulizungumza jambo hili na meneja wako mapema, nyumba inapokaguliwa, wakati bado hakuna tarehe ya kugombania.

Barua kazini huandikwa Kiingereza mara nyingi, lakini maudhui yake ni haya, na hayahitaji kuzidi nusu ukurasa:

"KUH: Ilani ya likizo ya kabla ya kuasili, kifungu cha 29A cha Sheria ya Ajira. Natoa ilani kwamba shirika la uasili lililosajiliwa, ambalo barua yake nimeiambatisha, linakusudia kuniwekea mtoto chini ya malezi yangu tarehe 2 Machi 2026. Naomba likizo ya mwezi mmoja yenye malipo kamili kuanzia tarehe hiyo hadi 1 Aprili 2026. Mkataba wa kukabidhiwa mtoto umeambatishwa. Cheti cha kutoka nitakiwasilisha mara kitakapotolewa. Tarehe ikisogezwa na shirika, nitawaarifu kwa maandishi siku hiyo hiyo. Naomba uthibitisho wa kupokea ilani hii."

Jina la mtoto halimo, wala makao anakotoka, wala historia yake. Si lazima vijulikane na kila anayefungua faili lako. Cheti cha kutoka kina taarifa za mtoto, kwa hiyo mwonyeshe ofisa mmoja nakala halisi na uombe nakala ya faili iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtoto pia, na kuitaja tu ndani ya barua pepe huwafanya watu wawe waangalifu ghafla.

Hesabu ya siku ndiyo inayowachanganya hata wahasibu. Mwezi katika sheria za Kenya ni mwezi wa kalenda. Wikendi na sikukuu zimo ndani. Mtoto akiwekwa kwako 2 Machi, siku ya mwisho ni 1 Aprili. Akiwekwa 5 Februari mwaka usio mrefu, siku ya mwisho ni 4 Machi, yaani siku 28 tu. Wa Februari wanapunjwa na kalenda yenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Ofisi ikikuandikia "siku 22 za kazi" au "siku 30", linganisha na tarehe hizi: wakati mwingine unapata siku moja zaidi, wakati mwingine unakosa. Ilani nayo ina hesabu yake. Siku 14 kabla ya Jumatatu 2 Machi 2026 ni Jumatatu 16 Februari. Ukiipeleka siku hiyo hiyo unakaribisha ubishi kuhusu kama siku ya kupeleka inahesabiwa. Ipeleke Ijumaa 13 na ubishi umekufa.

Tarehe husogea, tena mara nyingi. Mtoto anapata homa, afisa anahamishwa, sahihi moja inachelewa. Likizo inaanza siku mtoto anapokabidhiwa, na tarehe uliyokisia kwenye barua haibadilishi hilo. Mtu aliyeshaingizwa kwenye mfumo wa likizo tarehe 2, mtoto akaja tarehe 9, anaweza kupoteza wiki nzima akiwa ameketi nyumbani na kitanda kitupu, kwa sababu mfumo hauulizi mtoto yuko wapi. Usiondoke kazini mpaka uwe na uhakika wa siku. Na tarehe ikisogea ukiwa tayari nje, andika mara moja kuomba siku zilizotangulia zihesabiwe kama likizo ya mwaka na mwezi uanze upya. Bila maandishi hayo, mwisho wa mwaka ni neno lako dhidi ya kompyuta.

Kuna jambo ambalo watetezi wa likizo hii hawalisemi kwa sauti: mwezi mmoja ni theluthi ya kipindi ambacho sheria ya watoto yenyewe inakitaka kabla ya kwenda mahakamani. Miezi mitatu chini ya uangalizi wako, mwezi mmoja wa kuwa nyumbani. Pengo hilo unaliziba kwa likizo ya mwaka, ukiwa nayo. Kwa mfano wetu wa Machi 2026, likizo ya kuasili inaisha Jumatano 1 Aprili. Ukiunganisha siku 17 za likizo ya mwaka kuanzia tarehe 2, na kuruka Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, unarudi kazini Jumatano 29 Aprili: jumla ya siku 58 nyumbani. Miezi mitatu inatimia 1 Juni. Siku 34 zilizobaki zinahitaji mlezi mwingine anayeaminika, na afisa atakayekuja kukagua maendeleo atauliza ni nani.

Kwa nini 17 na si zote 21? Kwa sababu kesi ya kuasili inakuita: kuteuliwa kwa mlezi wa kuwakilisha maslahi ya mtoto, kusikilizwa, kusomewa uamuzi. Siku hizo hazina likizo yake. Siku nne za akiba ndizo zitakazokuokoa usiombe ruhusa kwa unyonge, hasa tarehe ikiahirishwa, na tarehe za korti huahirishwa. Likizo ya kuasili yenyewe isikatwe kwenye zile 21. Ni stahili mbili tofauti, na ofisi inayozichanganya aghalabu imefanya hivyo kwa sababu mfumo wake hauna kitufe cha likizo hii, mtu akachagua kilichokuwapo. Angalia salio lako kabla ya kuondoka na siku ya kurudi.

Kuhusu pesa hatuna malalamiko makubwa. Mwajiri ndiye anayelipa, siku ile ile ya mshahara, na makato ya kawaida (kodi ya mapato ya PAYE, akiba ya uzeeni ya NSSF, bima ya afya ya SHIF, ushuru wa nyumba) yanaendelea kama mwezi mwingine. Ubishi huja kwenye posho. Posho ya nyumba ni sehemu ya malipo yako na haipaswi kuguswa. Posho ya safari za kikazi, malipo ya saa za ziada na kamisheni ndizo zenye utata, maana zinalipwa kwa kazi iliyofanyika. Anayeishi kwa kamisheni aulize mapema, kwa maandishi, atalipwa kiasi gani. Mwezi wenye mtoto mgeni si wa kugundua kwamba nusu ya kipato haikuja.

Bima ya afya ya kazini inastahili wiki moja ya usumbufu kabla ya mtoto kufika. Mfumo wa bima hupenda cheti cha kuzaliwa chenye jina la mzazi, na wewe kwa wakati huo huna. Ulichonacho ni karatasi za shirika. Uliza kampuni ya bima itapokea karatasi gani kwa mtoto aliye katika kipindi cha kabla ya kuasiliwa, na ulinzi unaanza siku gani. Wengine hungoja amri ya mahakama. Ni heri kulijua hilo ukiwa umekaa ofisini kuliko saa saba usiku mbele ya dirisha la malipo.

Huo mwezi wenyewe unaisha kwa kasi. Siku za kwanza ni za kliniki: kadi ya chanjo inayotoka makaoni ikaguliwe, chanjo zilizorukwa zipangwe. Kabla ya siku ya kumchukua, uliza makao wanatumia maziwa gani ya kopo na wanayachanganya vipi, ununue hayo hayo. Kubadilisha maziwa, kitanda na sura za watu siku moja ni kujitafutia wiki ya kilio, na hakuna daktari atakayejua tatizo ni lipi kati ya hayo matatu. Ukitaka kubadili maziwa, fanya hivyo baadaye, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mtoto mkubwa, wa miaka minne au mitano, anaweza kuwa mtulivu mno wiki mbili za mwanzo halafu akaanza kujaribu mipaka wiki ya tatu, pale unapopanga kurudi kazini. Wanaojua hupanga mlezi wa mchana aanze kuja wiki ya tatu, mzazi akiwa bado nyumbani, ili mtoto asipoteze sura mbili kwa siku moja.

Wanaoachwa nje ni wengi, na hapa ndipo nyota nyingine imeanguka. Malezi ya muda, ambapo mtoto anakaa kwako bila kuasiliwa, hayana kitu: hakuna mkataba wa shirika la uasili wala cheti cha kutoka, na kifungu kimejengwa juu ya hivyo viwili. Mtoto wa malezi ya muda analia usiku ule ule na anahitaji kliniki ile ile. Kafala, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua na ambayo familia za Kiislamu huitumia kwa sababu haikati nasaba, nayo haikutajwa. Anayemwasili mtoto wa dada yake aliyekwisha kuishi naye miaka mitatu hana siku ya kukabidhiwa ya kuhesabia. Mwenye duka lake au kibanda chake hana mwajiri wa kumpa ilani. Kwa makundi haya yote, njia ya kweli ni likizo ya mwaka au makubaliano ya hiari, na barua ya afisa wa watoto inayoeleza tarehe ya mtoto kufika husaidia kumshawishi mwajiri hata kama haimlazimishi.

Ukitazama kwingine unaona kwamba tatizo la karatasi lina dawa. Uingereza inahesabu kuanzia kuoanishwa: mzazi anamwarifu mwajiri ndani ya siku 7 tangu ajulishwe kwamba ameoanishwa na mtoto, na ushahidi ni cheti cha kuoanishwa, karatasi iliyopo tayari siku hiyo. Likizo yao inafika wiki 52, malipo wiki 39, ingawa asilimia 90 ya mshahara ni kwa wiki 6 za kwanza tu na baada ya hapo kiasi hushuka sana kwa walio wengi. California inalipa hadi wiki 8 na haibagui kati ya kuasili na malezi ya muda. Afrika Kusini, ilipoanzisha yake Januari 2020, iliweka wiki 10 na malipo yakatoka kwenye mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira, si kwa mwajiri, lakini ikaweka kikomo cha mtoto wa chini ya miaka 2. Kenya inawashinda wote kwa ukamilifu wa mshahara wa mwezi wa kwanza. Kwa urefu inashindwa na wote. Kubadilisha maneno "cheti cha kutoka" yasomeke "barua ya kuoanishwa" kusingemgharimu mwajiri shilingi hata moja.

Mwajiri akikataa kabisa, usiache kazi wala usikae nyumbani bila idhini. Utorokaji kazini ni kosa rahisi kulithibitisha na litafunika hoja yako yote. Chukua siku za mwaka ulizonazo huku ukiandika kwamba umezichukua kwa kulazimika, kisha peleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa kaunti ukiwa na ilani, viambatisho, na jibu la kukataliwa. Hapo mambo mengi huisha kwa barua moja. Yasipoisha, ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na madai ya mkataba wa ajira yana ukomo wa miaka mitatu. Hifadhi nakala zote kwenye barua pepe yako binafsi, kwa sababu ile ya kazini hufungwa siku unayoondoka.